Taa mpya, karai limejaa kumbikumbi: hivi wadudu wanatafuta nini kwenye taa?

Karai la Moto (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nina kibanda cha chipsi hapa Kihonda, Morogoro, mwaka wa nne sasa. Miaka yote hiyo nilikuwa natumia balbu moja ya njano, ile ya zamani yenye waya ndani, imening'inia juu ya meza ya wateja. Mwezi uliopita nikajiona nimekua, nikanunua taa ya LED, ile bapa, nyeupe, wati 50. Fundi akaifunga kwenye nguzo nyuma ya karai, akaielekeza mbele na juu kidogo. Kibanda kikaonekana mpaka barabara kuu. Siku za mwanzo mauzo yalipanda kweli, sisemi uongo.

Juzi ikanyesha mvua ya kwanza ya vuli. Mida ya saa moja na nusu usiku nimemimina viazi karaini, nikasikia kama mtu ananimwagia mchele mgongoni. Kumbikumbi! Kugeuka, mabawa yanaelea juu ya mafuta kama maganda ya vitunguu, na wenyewe wanakaangika chini huko pamoja na viazi. Mteja aliyekuwa anasubiri zege akasema, "Kaka, hao usiwatoe, ni nyama ya bure." Watu wakacheka. Wakacheka, wakaondoka. Lita tano za mafuta nimemwaga mtaroni.

Jana tena: nondo, panzi, mbawakawa wale weusi wanaogonga bati, na vidudu vidogo vyembamba vyenye rangi nyekundu na nyeusi. Dogo anayenisaidia ameamka leo na mstari mwekundu shingoni kama ameunguzwa na chuma.

Ila kuna kitu kinanisumbua kuliko hasara. Nilizima jiko, nikakaa kwenye ndoo nikawaangalia. Wakuu, wale wadudu hawatui kwenye taa. Wanazunguka. Wengine wanapanda juu wima, wanaishiwa nguvu, wanadondoka. Wengine wanajipindua chali hukohuko hewani kama wamepigwa kofi. Kama wanaipenda taa kama tunavyoambiwa, mbona wanaonekana kama wanateseka?

Naomba mwenye elimu aniambie kwa nini, na mwenye uzoefu aniambie nifanyeje.

Lenta Bado

Umesema nondo wanazunguka taa. Milimita ngapi? Kama ni za 12 niletee, nimekwama kwenye lenta mwezi wa pili huu.

Karai la Moto

Nimecheka kwa uchungu.

Mzee wa Darubini

Mkuu hili jambo ni jepesi, tulifundishwa zamani. Wadudu wa usiku hutembea kwa kufuata mwezi. Mwezi uko mbali sana, kwa hiyo mdudu akiuweka, tuseme, bega la kushoto na akaendelea kuuweka hapohapo, atakwenda mstari ulionyooka. Sasa wewe umemletea mwezi wa bandia mita tatu kutoka kwake. Akijaribu kuuweka bega la kushoto inabidi akate kona, akate tena, mwisho anaishia kuzunguka na kujikuta ndani ya taa. Kwa kifupi taa yako ni mwezi wa uongo.

Omuhaya wa Mjini

Nyie wa Morogoro mnamwaga baraka mtaroni. Sisi Bukoba mwezi huu tunawasha taa kwa makusudi.

Senene ndiyo wanaanza. Watu wa biashara wanasimamisha mabati mapya wima, chini ya kila bati pipa, juu yake taa kali ambayo ukiitazama unaona vidoa mpaka kesho. Wengine wanachoma majani mabichi pembeni, moshi unawalevya. Senene anakuja na kasi yake, anayumba kwenye mwanga, anagonga bati, kwa kuwa bati jipya linateleza hana pa kushika, anaingia pipani. Ukipita Masaka kule Uganda, wanakowaita nsenene, utadhani kuna uwanja wa mpira porini. Msimu mkubwa ni huu wa Novemba, kuna mwingine mdogo mwezi wa nne na wa tano.

Bibi yangu hakujua mabati. Yeye na wenzake walitoka alfajiri na umande, wakiwaokota kwenye majani kabla jua halijawapasha mabawa. Wanawake waliokota, wanaume wakala, na mwanamume akikabidhiwa senene alitakiwa aoneshe shukrani kwa nguo. Bibi alikuwa anasema wao walipata kitenge, sisi tumepata bili ya umeme.

Ukweli wa kwa nini wanakuja siujui. Najua wanakuja, na kukiwa na mbalamwezi kali mapipa yanakuwa mepesi.

Bawa na Antena

Nimekaa porini misimu miwili kama msaidizi wa watafiti wa wadudu. Kazi yangu ilikuwa kufunga shuka jeupe, kuwasha taa mbele yake na kuokota kinachotua. Kwa hiyo hilo la mtoa mada nimelitazama usiku mwingi bila kulielewa, mpaka nilipoelezwa.

Mzee wa Darubini, heshima yako, lakini nadharia ya mwezi imepata pigo. Januari 2024 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti wa kina Samuel Fabian wa Imperial College London na Yash Sondhi na wenzao. Walichofanya ni kile alichofanya Karai la Moto akiwa amekaa kwenye ndoo, ila wao walikuwa na kamera za kasi kubwa. Walirekodi porini Costa Rica, na maabara waliwabandika nondo na kereng'ende alama ndogo mno ili kamera zijue kila wakati mgongo wa mdudu umeelekea wapi.

Jibu walilopata: mdudu haiendei taa. Anaigeuzia mgongo.

Fikiria hivi. Umesimama ndani ya daladala, umefumba macho, dereva akakata kona kwa hasira. Mwili unakuambia "chini" ni upande wa dirishani. Mdudu anayeruka kila sekunde yuko ndani ya daladala ya namna hiyo, anakata kona, anaongeza kasi, anapigwa na upepo. Uzito wa mwili wake haumwambii kwa uhakika chini ni wapi. Lakini kuna kitu hakijawahi kumdanganya tangu dunia iumbwe: mbingu. Iwe mchana, iwe usiku, hata usiku usio na mwezi, juu kuna mwanga kuliko ardhini. Kwa hiyo mwili wake una kanuni moja rahisi: weka mgongo upande wenye mwanga, utakuwa umekaa sawa.

Sasa mfungie taa ya wati 50 kwenye nguzo. Mbingu yake imehamia ubavuni.

Bawa na Antena

Naendelea, simu ilikuwa inaisha chaji.

Yale mambo matatu aliyoyaona mtoa mada ndiyo hayohayo waliyoyaandika wao. Mdudu akipita kando ya taa, anainamisha mgongo kuielekea, na ndege yoyote ikiinama upande mmoja inakata kona, kwa hiyo anabaki anazunguka. Mdudu akipita chini ya taa na kuanza kuiacha nyuma, mgongo unataka kurudi kwenye mwanga, kichwa kinainuka, anapanda wima mpaka kasi inamwishia anadondoka. Na akipita juu ya taa, mgongo unatakiwa uwe chini, basi anajipindua chali na kuanguka kama jiwe.

Kuna jaribio lao moja nalipenda. Walitandaza shuka jeupe juu na kulimulika ili mwanga utoke juu umesambaa kama wa mbingu: wadudu wakapita chini yake wima kabisa kama hakuna kitu. Mwanga huohuo ulipotokea chini, wakapinduka na kubamiza ardhi. Sasa mtoa mada soma tena maneno yako: taa imefungwa nyuma ya karai, inamulika mbele "na juu kidogo". Umewapindulia mbingu juu ya mafuta ya moto.

Karai halikuwavuta wao. Wameanguka tu, na karai ndilo lililokuwa chini.

Mzee wa Darubini

Sawa, lakini msitupe mwezi jalalani haraka. Kuna wadudu wanaotumia mbingu kama ramani, hilo halina ubishi.

Bawa na Antena

Halina, na mfano mzuri zaidi ni yule mbawakawa anayebingirisha mavi ya ng'ombe. Akishatengeneza donge lake anataka kuliondoa haraka kwenye rundo kabla mwenzake hajalinyang'anya, kwa hiyo lazima aende mstari ulionyooka. Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund na wenzake walimchunguza Afrika Kusini. Wakawavalisha kofia ndogo za karatasi ngumu zinazoziba macho yasione juu, wakaanza kuzungukazunguka na madonge yao kama walevi. Kisha wakawaingiza ndani ya jumba la kuoneshea nyota la Johannesburg. Hata walipooneshwa ule mkanda wa nyota wa Kilimia peke yake, bila mwezi, walinyoosha njia. Hiyo ilichapishwa 2013.

Kwa hiyo mwezi na nyota vinatumika. Ila kwenye taa ya kibanda, kinachoonekana kwenye kamera ni mgongo. Angekuwa anaiweka taa bega la kushoto kama mwezi, tungeona wanaofuata mzunguko unaokaza polepole kuingia ndani. Wengi hawafanyi hivyo.

Shariff wa Mtoni

Bawa, ahsante kwa darsa, lakini nakusahihisha kidogo. Ule mkanda mweupe wa nyota si Kilimia. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota ambacho wazee walikitazamia msimu wa kulima, jina lenyewe linasema. Huo mkanda unaokata mbingu ni Njia Nyeupe.

Bawa na Antena

Umenishika. Njia Nyeupe. Nisameheni, mimi ni mtu wa kuangalia chini.

Na niongeze kwa uaminifu: si wadudu wote walioinamisha mgongo. Kuna nondo mmoja mkubwa wa kijani, ambaye viwavi wake hula majani ya oleanda, alipita juu ya taa bila kujali. Vile vinzi vidogo vya kwenye matunda navyo havikujali. Pia utafiti ule uliwaangalia wadudu waliokwisha kufika karibu na taa. Wanafikaje karibu kwa wingi vile ni suala jingine.

Muuguzi wa Zamu

Nimeruka kurasa zote nirudi kwa yule dogo mwenye mstari shingoni, maana hamna aliyemjali.

Huyo mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, urefu kama punje ya mchele au kuzidi kidogo, ndiye watu wanamwita Nairobi fly. Si nzi, na si wa Nairobi peke yake, ni jamii ya mbawakawa, na mvua zikizidi anakuja na taa. Haumi na wala hang'ati. Sumu iko ndani ya mwili wake, inaitwa pederini. Ukimpiga kofi shingoni umeipaka mwenyewe, halafu ukijifuta umeisambaza, ndiyo maana kidonda kinakuwa mstari. Mara nyingi hauoni kitu siku hiyohiyo. Unaamka kesho yake unadhani umeunguzwa.

Akitua, mpulize au mpitishie karatasi apande, umtupe. Kama umeshamponda, osha kwa sabuni na maji mengi mara moja, osha na mikono, usishike macho. Huyo dogo aoshe, aache kukuna, na yakitokea malengelenge makubwa au jicho likivimba aende kituo cha afya. Na tafadhali msimpake dawa ya meno wala mafuta ya breki, nimeyaona yote mawili.

Karai la Moto

Muuguzi, alikuwa ameshapaka dawa ya meno. Nimemwosha.

Mwana wa Ujiji

Mimi ni mvuvi, taa ndiyo jembe langu, ngoja niwaletee ya majini.

Kwetu Kigoma, dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku wa giza. Babu zetu walikuwa na moto wa kuni unaowaka mbele ya mtumbwi, mmoja anapiga kasia, mwingine ana lusenga, ule wavu wa mpini mrefu kama kijiko, anachota. Zikaja karabai. Nimekulia kwenye harufu ya karabai mimi, mafuta ya taa na mluzi wake, na kioo kikipasuka katikati ya ziwa usiku umeisha. Siku hizi taa za sola na betri zimeenea, ziko kimya mpaka unasinzia.

Ukiwasha, usitupe wavu. Subiri. Kwanza vinakuja vile vidudu vya maji ambavyo ukichota kwenye kiganja vinarukaruka kama vumbi lenye uhai. Halafu dagaa, wanakuja kwa chini wakizunguka, unaona maji yanang'aa kama mtu amemwaga misumari. Ukichelewa zaidi anakuja mgebuka kuwala dagaa, kundi linapasuka. Kwa hiyo wazee walisema dagaa hafuati taa, anafuata chakula kilichofuata taa. Ila mimi nimeona dagaa wakija hata kabla maji hayajachafuka na vidudu, kwa hiyo sikatai wala sikubali.

Wanavyozunguka chini ya taa, kwa upande mmoja, mfululizo, ndivyo mnavyowasimulia hao nondo. Nimesoma uzi huu nikaona kama mnaongelea ziwa.

Mbalamwezi ikishakuwa kubwa tunapumzika, tunashona nyavu. Taa haiwezi kushindana na mbingu nzima ikiwa na mwanga.

Omuhaya wa Mjini

Sawasawa na mapipa ya senene. Mwezi mkubwa, taa inakuwa kama kijinga cha moto mchana.

Kisiwani Juani

Assalaam alaykum. Nami nichangie la huku Mafia, maana hilo la kasa linaumiza.

Kasa anataga mchangani, anafukia, anarudi baharini, hana habari nao tena. Watoto wakianguliwa huwa usiku, wanatoka shimoni kwa mpigo mmoja, wadogo kama kiganja cha mtoto. Hawajui bahari iko wapi. Wanachojua ni kwenda kule ambako chini kwenye upeo kuna mwanga zaidi na kukimbia kule kwenye weusi mrefu. Kwa miaka yote jibu lilikuwa sahihi, kwa kuwa bahari inarudisha mwanga wa nyota na mwezi, na nyuma yao kuna vichaka na minazi, giza.

Weka hoteli yenye taa nyuma ya minazi. Watoto wanageuka wote, wanaelekea jikoni. Kaa wanawadaka njiani, waliobaki asubuhi jua linawakausha. Nilikuta njia zao mchangani sehemu moja, sitaitaja, ile michirizi midogo kama mtu kaburuta nyuzi, yote imeelekea ukutani mwa jengo, hakuna hata mmoja ulioelekea majini.

Sisi tukienda kuwaangalia wakitoka tunabeba tochi nyekundu hafifu, na aliyewasha simu anafukuzwa.

Msafiri wa Voi

Wadau, hii story ya ndege lazima niwape. Nilifanya kazi ya kuendesha wageni Tsavo miaka kadhaa. Kuna lodge inaitwa Ngulia, iko Tsavo Magharibi kwenye ukingo wa mlima. Ilifunguliwa 1969, ikawekewa taa kubwa nje ili wageni waone wanyama usiku. Kufika Novemba na Desemba, usiku ambao hakuna mwezi na ukungu umeshuka, ndege wadogo kutoka Ulaya na Asia wanaohamia kusini wakaanza kuanguka kwenye zile taa kama mvua. Wanapita pale juu kila mwaka, hakuna aliyejua ni wengi namna hiyo.

Tangu mwaka huohuo wataalamu huja kila msimu, wanatega nyavu laini, wanawavisha pete ndogo mguuni zenye namba na kuwaachilia. Pete zingine zimepatikana Mashariki ya Kati mpaka Urusi. Mimi nilishika mmoja mkononi, uzito wake ni kama barua. Roho yake inapiga mpaka unaisikia kwa vidole.

Angalieni hapo: ukungu ukiondoka au mwezi ukitoka, hawaji. Wanapita zao. Taa ni ileile.

Bawa na Antena

Mkuu wa Voi, hiyo ni dhahabu. New York wana kisa kinachofanana. Kila tarehe 11 Septemba huwasha taa 88 kali sana zinazopiga juu angani kukumbuka majengo yaliyoanguka. Watafiti waliangalia usiku saba wa miaka tofauti, wakakadiria ndege milioni 1.1 walivutwa na miali hiyo, wakizunguka na kulia ndani yake. Ripoti yake ni ya 2017. Lakini cha kutia moyo ni hiki: taa zikizimwa kwa dakika kama 20, ndege wanatawanyika na kuendelea na safari. Ndivyo wanavyofanya siku hizi, wakiona ndege wamezidi wanazima kidogo.

Ndege naye si mdudu. Usije ukasema anageuza mgongo. Kila kiumbe na sababu yake, kinachofanana ni kwamba taa imeingia mahali ambapo zamani palikuwa na kitu kingine.

Biashara Kichwani

Maelezo mazuri lakini mtu kaomba suluhisho. Mkuu nunua ile mashine ya mwanga wa bluu inayopiga shoti wadudu, tundika juu ya karai. Inaua na mbu pia. Umemaliza.

Muuguzi wa Zamu

Juu ya karai?! Mdudu akipigwa shoti anapasuka, vipande vinaruka. Unataka vitue wapi?

Bawa na Antena

Na hilo la mbu ni la kusahau. Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, waliwahi kuhesabu walichoua hizo mashine majumbani kwa watu. Wadudu 13,789. Wanaouma watu walikuwa 31. Waliobaki ni wadudu wasiouma watu, wakiwamo wale wanaokula wadudu wengine. Mbu anakufuata wewe: pumzi yako, harufu yako, joto lako. Taa si shida yake.

Fundi Mawimbi

Mimi ni fundi umeme. Kwa nilivyowaelewa, suluhisho liko hivi, na halina gharama kubwa.

Macho ya wadudu wengi yanaona vizuri bluu, kijani, na ule mwanga wa urujuanimno ambao sisi hatuuoni kabisa. Nyekundu kwao ni karibu na giza. LED nyeupe, hasa zile nyeupe za kuelekea bluu, zina bluu nyingi. Rudi kwenye njano. Duka ukiomba "warm" wanakujua.

Ondoa taa nyuma ya karai. Ifunge juu, iangalie chini, iwekee kofia ya bati isimulike pembeni wala angani. Nuru ianguke kwenye meza tu. Na mita kumi au kumi na tano huko, upande usio na upepo wa kuleta kwako, weka hiyo nyeupe yako iwe mtego.

Siku ya kumbikumbi, zima zote. Wale hutoka kwa mkupuo baada ya mvua, wakishamaliza harusi yao wanadondosha mabawa na kuingia ardhini. Pika kwa mwanga wa simu dakika hizo, wateja watakuelewa.

Mzee wa Darubini

Na wanaofunga LED nyeupe mitaani wasome hapa. Sisi wa nyota tunalia miaka, hamtusikii, labda mtasikia kwa ajili ya viwavi.

Bawa na Antena

Vipo vya kusikia. Uingereza, 2021, walihesabu viwavi wa nondo kandokando ya barabara. Kwenye ua wa miti uliomulikwa na taa za barabarani walikuwa pungufu kwa asilimia 47 kuliko ua wa giza jirani. Na LED nyeupe zilikuwa mbaya kuliko zile za zamani za njano.

Karai la Moto

Wakuu nimerudi na mrejesho, siku tisa zimepita.

Nimefuata ya Fundi Mawimbi. Balbu ya njano yenye kofia, nimekata debe la mafuta nikalipiga rangi nyeusi kwa nje, inaangalia chini. Nyeupe nimeipeleka mwisho wa uwanja, kwenye ukuta wa jirani. Chini ya kila taa nikaweka beseni la maji lenye sabuni. Asubuhi ya kwanza beseni la njano lilikuwa na wadudu kumi na kitu. La nyeupe sikuhesabu, maji hayakuonekana.

Bawa na Antena

Hongera mkuu. Ila nikuchokoze: njano ni wati ngapi? Na ina kofia, nyeupe haina. Hapo hujapima rangi, umepima rangi, ukali na kofia kwa pamoja. Badilisha kimoja kimoja.

Karai la Moto

Mkuu mimi nauza chipsi.

Lakini usiku wa pili nilijaribu. Nilivua kofia balbu ya njano nikaiacha wazi, wakaongezeka, siyo kama nyeupe ila walizidi. Nikarudisha. Halafu nikafanya ujinga mmoja: nikaiwasha nyeupe nikiwa nimeilaza chini ardhini inatazama juu. Aisee. Kila nondo aliyepita juu yake alipinduka chali. Sasa nawaamini wale wa kamera.

Nilichokipenda zaidi ni mijusi kafiri. Kwenye ile nguzo ya karai walikuwa watatu, wanene. Siku ya kwanza walibaki palepale kwenye giza wanashangaa. Kufikia siku ya nne wote walikuwa ukutani kwa jirani, na popo wawili wamejiunga, wanakata juu ya taa kama madereva wa bodaboda.

Dogo shingo imepona, imebaki alama.

Omuhaya wa Mjini

Na beseni la nyeupe unalimwaga wapi? Usiniambie mtaroni.

Karai la Moto

Jirani ana kuku. Siku ya kwanza alikuja kulalamika nimemwekea taa ukutani kwake. Nikampa beseni, nikamwambia sabuni nitaiacha, niweke maji matupu. Leo jioni kanunua umeme wa Luku wa elfu tano, kanipigia hodi, anasema ile taa nyeupe isizimwe kabla ya saa nne.

Lenta Bado

Mimi nondo zangu nasubiri tu.